Kemokini: Protini Ziitazo Askari wa Damu

1.0 Utangulizi

Mtu akichomwa na mwiba mguuni, mahali pale huvimba, hupata joto na huuma. Tumezoea kufundishwa kwamba chembe nyeupe za damu hukimbilia penye jeraha mithili ya askari. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: ni nani awaitaye askari hao, nao huijuaje njia? Makala haya yana nia ya kulijibu swali hilo, na kuonyesha kwa nini jibu lake linamhusu mkaazi wa Lubudi, katika jimbo la Lualaba, sawa na linavyomhusu mtaalamu wa maabara.

2.0 Kemokini ni nini?

Waitaji hao ni protini ndogo ziitwazo kemokini. Jina lenyewe linaunganisha dhana ya kemia na neno la Kigiriki lenye maana ya kusogeza. Nyingi zimejengwa kwa asidi amino 70 hadi 100 hivi, na mwili wa binadamu una aina zinazokaribia 50. Seli zilizoumizwa huzimwaga, zikawa nyingi karibu na jeraha na chache mbali nalo. Chembe nyeupe yenye kipokezi kinachofaa huelekea kule ziliko nyingi, kama mtu afuataye harufu ya chakula hadi jikoni. Mojawapo iliyo maarufu ni CXCL8, iliyotambuliwa mwaka 1987, ambayo huita chembe ziitwazo neutrofili.

3.0 Utengenezaji wake maabarani

Mwilini kemokini ni haba mno kuweza kuchujwa kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo jeni ya binadamu hupandikizwa ndani ya bakteria, mara nyingi Escherichia coli, nayo bakteria hutengeneza protini hiyo kwa wingi. Hizi ndizo tunazoweza kuziita protini pandikizi.

Kazi hii ina mitego miwili. Kwanza, mabaki ya ganda la bakteria yakisalia, yenyewe huzusha uvimbe, na mtafiti akadhani ni kazi ya kemokini. Pili, mwanzo wa mnyororo wa protini lazima uwe sahihi. Mwaka 1996 ilichapishwa taarifa kwamba kemokini iitwayo RANTES, ilipobakiwa na asidi amino moja tu ya ziada mwanzoni, iliacha kuita chembe, ikawa kizuizi cha kipokezi chake. Asidi moja imemgeuza mjumbe kuwa mpinzani.

4.0 Damu ya watu wa Lubudi

Mwaka 1950 liligunduliwa huko London kundi la damu la Duffy. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 wa Afrika ya Kati hawana alama ya kundi hili kwenye chembe zao nyekundu. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wasio na alama hiyo hawaambukizwi kwa urahisi na kimelea cha malaria Plasmodium vivax. Sababu ilifahamika zaidi mwaka 1993: alama ya Duffy ni kipokezi cha kemokini. Kemokini zilipotangulia kukikalia kipokezi hicho, kimelea cha nyani, Plasmodium knowlesi, kilishindwa kuingia katika chembe. Mlango ni ule ule mmoja.

Isidhaniwe kwamba kinga hii ni kamili. Plasmodium falciparum, kinachosababisha malaria nyingi nchini Kongo, hutumia milango mingine. Aidha, tangu mwaka 2010 imethibitishwa nchini Madagaska kuwa hata P. vivax huweza kumwingia mtu asiye na alama ya Duffy.

Lililo zito zaidi ni hili. Watu wasio na alama ya Duffy huwa na neutrofili chache katika damu iliyopimwa, bila kuwa dhaifu mbele ya maradhi. Vipimo vya kawaida vilivyokadiriwa kwa damu ya Wazungu vikitumiwa bila kufikiri, mtu mzima wa afya njema huandikwa mgonjwa, akachunguzwa bure au kunyimwa dawa anayoistahili, hasa ya saratani.

5.0 Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, kabla jina la kemokini halijaenea hata miongoni mwa wataalamu. Ni wajibu wetu kuendeleza kazi ile. Tunapendekeza kemokini, kipokezi na protini pandikizi zitumike, kwa kuwa zinatamkika kwa urahisi na zinajieleza. Monganga wa Lubudi anapomweleza mgonjwa kwamba neutrofili zake chache ni urithi wa wazee wake wala si ugonjwa, anahitaji maneno yatakayoeleweka na wote wawili. Istilahi ikikosekana, anayepata hasara ni mgonjwa.