Kwenye Zambezi, mwenye kusema "hapana" hachekwi

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto munaotungojaka nyumbani,

Mwaka huu tarehe 1 Augusti, Siku kuu ya Wazazi, iliangukia Ijumaa. Asubuhi nilifanya vile tunafanyaka wote: nilibeba jembe na fagio, nikaenda kwenye malalo kupalia majani juu ya kaburi la mukubwa wangu. Mangaribi nilikuwa nimekwisha kuvuka Kasumbalesa. Kwa wenzetu wa Zambia, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa munane ni siku kuu ya wakulima, hawatumiki. Mutoto wa mukubwa wangu anaishi Kitwe kwa bajomba zake, na alikuwa amenialika: "Baba mudogo, kuya uone mambo tunafanyaka na klabu yetu." Klabu yao ni ya kayaki. Wengi wao ni watu wa migodi, sawa sisi.

Nieleze kwanza kayaki, maana wengi wataniuliza. Ni mtumbwi mdogo wa plastiki ngumu, wa mtu mmoja. Unaingia ndani mpaka kiunoni, unafunga tundu na kitambaa cha mpira ili mayi yasiingie, na unashika kafi moja lenye ubapa pande zote mbili. Ukipinduka, kichwa kiko chini ya mayi na miguu imebaki ndani. Ni lazima ujue kujigeuza kwa kafi na kiuno urudi juu, ama uvute kile kitambaa utoke. Kijana wetu alijifunza hiyo miezi mingi kwenye pisini, mbele ya kuruhusiwa kugusa mto. Mimi sijui hata kidogo. Nilipewa nafasi katika mashua kubwa ya mpira pamoja na watu sita na mwongozaji, watu wa kayaki wakienda mbele na nyuma yetu.

Jumamosi tulipita Ndola, Kabwe na Lusaka, tukafika Livingstone usiku, mgongo unauma. Jumapili asubuhi tuliteremka kwa miguu mpaka chini ya Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko yenye upana wa karibu kilometa 1,7 na urefu wa meta 108. Hapo mto mzima unajisukuma katika bonde jembamba la mawe meusi linaloitwa Batoka. Rapidi, ni kusema zile sehemu mayi yanakimbia na kupigana na mawe, zimepewa namba kuanzia 1 mpaka 25. Mwezi wa ine mto umejaa kupita kiasi. Kuanzia mwezi wa munane mayi yanashuka, na watu wa kayaki wanakuyaka kutoka pande zote za dunia.

Musiseme huo ni mto wa wageni. Zambezi inaanzia kaskazini-magharibi ya Zambia, karibu na mpaka wetu. Mvua ikinyesha upande huu wa mpaka, mayi yake yanaenda mto Kongo. Ikinyesha upande ule, yanaenda Zambezi. Ni majirani wa kitanda kimoja, kila mmoja amelala akitazama bahari yake.

Mbele ya kuingia mtoni, mkubwa wa klabu, fundi wa umeme mugodini, alitukusanya. Nilijiona niko kwenye mkutano wa asubuhi mbele ya kushuka shimoni. Alivuta jile ya kila mtu, akakaza kaske ya kila mtu, ya wazee na ya vijana. Alitufundisha alama, maana pale mayi yanapiga kelele na sauti haisikiki. Kafi likisimama wima: njoo. Kafi likilazwa juu ya kichwa: simama. Mkono ukipiga kaske: mimi niko muzima. Kila rapidi ikiisha, tunahesabiana. Halafu akamaliza: "Kila mtu hapa ana haki ya kutoka na kupita kando kwa miguu. Hatumuulizi sababu."

Neno hilo nililiweka moyoni.

Kwenye rapidi ya 7 mimi nilianguka. Mashua ilisimama kama ukuta, nikajikuta chini ya mayi, sijui juu ni wapi wala chini ni wapi. Wenye kufanya kazi chini ya udongo watanielewa: ni sawa siku taa ya kichwa inazimika. Nilipotoka juu, nilikohoa, nikaona ncha ya kayaki mbele ya uso wangu. Ilikuwa kijana wetu. "Shika hapo, baba mudogo, usipigane na mayi!" Nilishika. Akanivuta mpaka pahali mayi yanatulia karibu na mawe. Nilipiga kaske na mkono. Nilikuwa muzima.

Mbele kidogo kuna rapidi ya 9. Ile mashua za watalii hazipitiaki na watu. Wote wanashuka na kutembea juu ya mawe. Lakini watu wa kayaki wenye nguvu wanajaribuka. Wanaume watatu wa klabu walisimama juu ya jiwe wakiangalia mayi, pengine nusu saa, huku wengine wakijipanga chini na kamba za kuokolea. Kijana wetu alikuwa wa tatu. Aliniambia tangu Kitwe kwamba mwaka huu ataipita. Wawili walipita, wakatoka salama. Yeye aliangalia tena, akatikisa kichwa, akaweka kayaki yake kwenye bega na kupita kwa miguu.

Nilitazama nyuso za wenzake nione nani atacheka. Hakuna aliyecheka. Mmoja alimshikia kafi lake ili apande mawe vizuri. Basi.

Usiku, kwenye moto, aliniuliza: "Baba mudogo, uliona haya juu yangu?" Hapo nilimwambia kitu ambacho miaka yote sikumwambia. Siku ile baba yake alikufa, aliona asubuhi kwamba dari la shimo limepasuka. Alimwambia shefu wake. Alijibiwa: "Kama unaogopa, inje kuko wengine wanangoja nafasi yako." Alikuwa na watoto wane. Aliingia. Wenzake waliosikia maneno hayo ndio waliniambia, kwenye kilio.

Kijana alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Kumbe papa hakukuwa na pahali pa kupita kwa miguu."

Ndugu zangu, ile pahali inaandikwa. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1995, juu ya usalama katika migodi, kifungu cha 13, unasema mfanyakazi ana haki ya kuondoka pahali popote pa mugodi akiwa na sababu ya kweli ya kuona hatari kubwa. Zambia iliukubali mwaka 1999. Haki hiyo si ruhusa ya uvivu. Yule kijana hakukimbia mto: aliangalia, alipima, alisema, na rapidi ya 10 alikuwa tena ndani ya mayi.

Kwa hiyo, ukiona hatari, usiondoke peke yako kimya kimya. Mwambie shefu mbele ya mwenzako mmoja. Omba iandikwe, na saa na pahali. Ita delege wa sendika. Na ninyi mulio pembeni, musimuite mwoga. Mara nyingi si jiwe tu linaloua. Ni kicheko cha wenzetu kilichotusukuma chini yake.

Na vijana wa Kolwezi na Likasi, musichukue mtumbwi kesho mukajaribu Lualaba. Mwaka 2010, Hendri Coetzee, Muafrika wa Kusini aliyejua kayaki kuliko wengi, alichukuliwa na mamba kwenye mto Lukuga, kwetu hapa. Ujuzi hauzuii kila kitu. Lakini mutu akivuka mto kwa mtumbwi, hata kwenda kununua samaki tu, avae jile.

Jumatatu tulirudi. Kijana amesema mwaka kesho, tarehe 1 Augusti, atakuya tupalie kaburi pamoja.