Mbele ya kuondoa mutu, sikieni kwanza mawazo yake
Tarehe 22 Februari 2025, Serikali ilisimamisha kobalti kutoka inje ya inchi, juu bei ilianguka sana. Wakati kama ule, wakubwa wa kazi wanahesabu kwanza watu wa kuondoa. Lakini nani anajua kamio yenye kula mazuti bure ikingojea kupakiwa? Ni shofere. Nani anasikia pompi ikianza kuvuja? Ni fundi.

Sheria ya kazi ya 2002, artikle 78, inasema: mbele ya kuachisha watu juu ya shida za kompani, patro aandikie wajumbe wa watumikaji siku 15 mbele, apate mawazo yao. Basi bandugu, tusifike mule mikono mitupu. Andikeni yenu leo, jina chini. Mazuti ikibakia, kazi ya mutu nayo inaweza kubakia.