Tyuna ya Redio Ipimwe Kabla ya Kulipiwa



Baadhi ya wanachama wetu, hasa mafundi umeme wa viwanda vya chai na sukari, wameingia katika redio ya ridhaa. Hii ni shughuli ya kupenda, si ya mshahara wala ya biashara. Mwenye leseni huzungumza na wenzake wa nchi nyingine kwa mtambo wake mwenyewe wa kupokea na kurusha. Hapa Uganda leseni hutolewa na Tume ya Mawasiliano, na alama ya kuitana hewani huanza na 5X. Ya Kenya huanza na 5Z, ya Tanzania 5H.

Mtambo mpya ni ghali, kwa hiyo wengi huchanga fedha wakanunua uliokwisha kutumika. Taabu huanzia hapo. Muuzaji hubonyeza kitufe cha tyuna, ndani panalia tatata, sindano inashuka, naye anasema: "Mmeona? Ni kizima." Tumeona wenzetu wakitoa akiba ya miezi mingi kwa ushahidi huo tu, kisha tyuna ikakataa antena ya kwanza waliyoifunga.

Kwanza tueleze kazi ya tyuna. Mtambo wa kurusha hutengenezwa upeleke nguvu kwenye mzigo wa omu 50. Antena ikizidi au ikipungua hapo, sehemu ya nguvu hurudi nyuma. Katika mitambo ya zamani ya valvu, fundi alilinganisha kwa mkono, akizungusha vishikio. Transista hazina uvumilivu huo. Nguvu nyingi ikirudi, mtambo hujipunguzia nguvu ili zisiungue. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 viwanda vya Japani vilianza kuuza mitambo yenye tyuna ya ndani inayojiendesha. Kenwood TS-930S, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa mmojawapo. Ndani ya tyuna mna koili na kapasita. Zile za zamani zilizungushwa na mota ndogo. Za siku hizi huchaguliwa na relei, na mlio wa tatata ni wa relei hizo.

Tyuna nyingi za ndani zina mpaka. Mtengenezaji wa Icom IC-7300, kwa mfano, ametaja omu 16.7 hadi 150, yaani theluthi ya 50 mpaka mara tatu yake. Ikikataa antena iliyo nje ya mpaka huo, si ugonjwa. Ikikataa iliyo ndani, hapo pana ugonjwa.

Sasa, tutajuaje? Mchuma chai anajua jibu. Mizani haiaminiwi kwa sababu karani amesema ni nzuri. Huwekewa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Jiwe letu ni mzigo wa majaribio, yaani rezista. Zitafutwe rezista tatu za omu 50, zisiwe za waya uliosokotwa, maana hizo nazo ni koili na zitadanganya. Tatu zikifungwa kwa mfuatano ni omu 150. Tatu zikifungwa sambamba ni omu 16.7. Kwa hiyo vitu vitatu tu vinapima mipaka yote miwili. Waya za kuunganisha ziwe fupi kabisa.

Kazi ifanywe hivi, chini ya mwenye leseni:

1. Fungeni rezista moja ya omu 50, tyuna ikiwa imezimwa. Kati ya mtambo na mzigo wekeni mita ya nje inayosoma nguvu inayokwenda na inayorudi. Tuseme inasoma wati 20 kwenda, sifuri kurudi.

2. Fungeni omu 150, washeni tyuna, someni tena. Tuseme sasa ni wati 24 kwenda na 6 kurudi. Asiyejua atashangilia kwamba tyuna imeongeza nguvu. Haikuongeza. Toeni 6 katika 24: mzigo umepata wati 18. Wati 2 zimebaki ndani ya tyuna kama joto.

3. Rudieni kwa omu 16.7. Mara nyingi hasara huwa kubwa zaidi upande huu, kwa kuwa mkondo wa umeme ni mkubwa.

4. Rudieni yote katika kila bendi, kuanzia mita 80 hadi mita 10. Relei moja mbovu inaweza kuharibu bendi moja na kuacha nyingine zikiwa salama.

Rusheni kwa sekunde chache tu, na rezista ziwe za kustahimili nguvu hiyo. Mtu asiguse viungo wakati wa kurusha. Umeme wa redio huunguza ngozi.

Jambo la mwisho ni hili. Sindano iliyo usoni mwa mtambo kwa kawaida hupima upande wa transista, kabla ya tyuna. Ikishuka, maana yake transista zimestarehe. Haisemi antena imepata kiasi gani. Kebo ndefu iliyochakaa itaendelea kula nguvu njiani, na tyuna haiwezi kuizuia, kwa sababu yenyewe imekaa upande huu wa kebo. Antena na kebo zitengenezwe kwanza, tyuna imalizie tofauti ndogo iliyobaki.

Tunapendekeza kila tawi lenye wapenzi wa redio liwe na rezista zake tatu na mita moja, vitunzwe na fundi mmoja na viazimwe kwa tawi jirani. Muuzaji mwaminifu hatachukia mtambo wake kupimwa. Anayekataa, fedha za mchango zibaki mfukoni.