"Default": je, ni ulaghai au ni kuishiwa?

Mwezi wa Novemba 2020, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alinijia katika chumba cha walimu akiwa na gazeti la Kiingereza mkononi. Habari ilikuwa ya Zambia. Nchi hiyo ilikuwa imekosa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwa wakopeshaji wake wa ng'ambo, na mwandishi alikuwa ametumia neno "default". Kijana akaniuliza, "Mwalimu, hapa wanasema Zambia imedanganya au imeishiwa?"

Nilimjibu upesi, kama tufanyavyo walimu kengele inapokaribia kulia, kwamba maana yake ni kutolipa deni. Akashukuru, akaenda zake. Swali lake, hata hivyo, lilibaki nami, kwa sababu nitakayoieleza punde.

Tuanze na asili ya neno lenyewe. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka wa 1066 na Kifaransa kuwa lugha ya mabwana na ya mahakama. Wafaransa wa kale walisema "defaute", yaani upungufu au kosa. Nyuma yake kipo kitenzi cha Kilatini, "fallere", ambacho maana yake ni kuhadaa, au kumvunja moyo mtu aliyekutumainia. Mzizi huohuo ndio uliowapa Waingereza "fail", yaani kushindwa. "Fault", yaani kosa. Na "false", yaani kitu cha uongo. Tazama basi, msomaji, ukoo huu ulivyo: kushindwa na kudanganya ni ndugu wa tumbo moja.

Hapo kale neno hili lilitaja ukosefu wa kitu chochote, hata chakula. Mahakamani likapewa kazi ya kutaja kutofika kwa mtu siku ya kesi. Mdaiwa asipofika wala kujibu, hukumu huweza kutolewa dhidi yake bila yeye kusikizwa. Utaratibu huo tunao hata katika kesi za madai humu nchini. Maana ya kutolipa fedha ilikuja baadaye. Nao wanafunzi wa kompyuta wanalijua kwa maana nyingine tena: kile ambacho mashine hukifuata yenyewe pale mtumiaji asipochagua.

Maana zote hizi zimefungwa na uzi mmoja, nao ni pengo. Mtu hakufika, hakuchagua, hakulipa. Basi mwingine anaamua kwa niaba yake. Kwa nini hakufika? Neno halisemi.

Kiswahili hakiridhiki na kimya hicho. Aliyeishiwa tunamwita mufilisi, neno la Kiarabu lenye udugu na "fals", ile sarafu ndogo ya shaba. Kana kwamba mtu huyo amebakiwa na vijisenti tu. Humo ndimo ilimotoka fulusi yetu. Mwenye uwezo wa kulipa akakataa, huyo amedhulumu. Naye akopaye huku akijua hatalipa ni laghai. Watu watatu, majina matatu.

Sasa nieleze kwa nini swali la kijana lilinikera. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilimdhamini mwalimu mwenzangu alipochukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo. Baadaye akaacha kazi ghafla, akahama mji, na marejesho yakakoma. Mwalimu yeyote aliyewahi kudhamini anajua kilichofuata: makato yakahamia kwenye mshahara wangu. Kwa miezi kumi na minne nililipa deni nisilolila. Nilimwita mlaghai mbele ya wenzangu wote, wala sikuona haya.

Tulikutana matangani. Ndipo nilipojua kwamba aliacha kazi ili amwuguze mkewe, na kwamba yale matanga yalikuwa ya mkewe huyo. Nilijuta kwa maneno niliyoyasema. Lakini naye nilimwambia ukweli wangu: kilichoniuma zaidi ya fedha ni kwamba hakunipigia simu hata mara moja. Aliinamisha kichwa, akasema, "Niliona aibu, ndugu yangu." Aibu ile ndiyo iliyomfanya mufilisi afanane na laghai.

Wanafunzi mtakaoingia vyuo vikuu, jambo hili ni lenu. Serikali ilianza mpango wa mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu katikati ya miaka ya 1970, na wengi waliokopa wakadhani ni zawadi isiyorudishwa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, na miongoni mwa kazi zake ni kuidai mikopo hiyo, ya zamani na ya sasa, ili nao wadogo zenu wapate kukopeshwa. Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Siku mtakapokosa kazi, msijifiche. Andikeni barua, nendeni ofisini, elezeni hali zenu. Kueleza hakufuti deni, lakini humzuia mwingine asiwaamulie ninyi ni watu wa aina gani.

Kijana yule amekwisha kuhitimu, nami namdai radhi kwa jibu langu la haraka. Zambia iliishiwa, na kabla ya siku ya kulipa ilikuwa imewaomba wakopeshaji wake muda, wakakataa. Hata hivyo haikuacha kuzungumza nao, na mwaka wa 2024 ilipatana na wenye hati zile juu ya namna mpya ya kulipa. Gazeti liliandika neno moja tu, nalo halikukosea. Kosa lilikuwa langu, niliyeulizwa kama ni ulaghai au ni kuishiwa, nikajibu kana kwamba hayo mawili ni mamoja.