Benz au BMW? Kilema ina jibu lake

Kila Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, barabara ya kupanda Kilema hugeuka maonyesho ya magari.

Duniani, BMW iliipita Mercedes-Benz kwa mauzo mwaka 2005. Mercedes ikarudi juu mwaka 2016, na BMW ikaongoza tena mwaka 2021. BMW husifiwa na wapenda mwendo, Mercedes na wapenda viti laini na utulivu.

Lakini mvua ikilowesha udongo mwekundu wa njia za vihambani, saluni zote mbili huserereka na kukwaruza tumbo. Hapo hupita Toyota Land Cruiser, iliyoinuka na yenye gia nzito ya kupandia. Hurusha abiria zaidi, na bei yake si ya mchezo. Ila mafundi wanaoijua wapo Moshi mjini, na siku ya kuiuza wateja hawakosekani.