Rekodi za Baiskeli Zinazoishia Mlangoni mwa Kagera

Ukitoka Bukoba mjini asubuhi kuelekea Muleba, kabla hujafika Kemondo utakuwa umeshapishana na baiskeli za ndizi. Mikungu imefungwa kila upande wa karia kwa vipande vya tyubu kuukuu, mmoja umelazwa juu, na mwenye mali hapandi. Anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeushika mkungu usicheze. Akimaliza mlima anadandia, anaiachia baiskeli mteremko mzima, na breki yake ni kandambili inayokanyaga tairi la nyuma.

Mtu huyu hajawahi kuvalishwa jezi na mtu yeyote. Lakini ng'ambo ya Rusumo, nchini Rwanda, kwenye vilima vya aina hiihii na migomba ya aina hiihii, wenzake wameshapigiwa makofi na dunia. Nimekusanya hapa rekodi za mbio za baiskeli za hatua, zile zinazokwenda siku kadhaa na mshindi akapatikana kwa kujumlisha muda wa siku zote. Nimeanza na zinazovuka mipaka na zile za majirani zetu, kwa sababu Kagera ndio mkoa pekee wa Tanzania unaopakana kwa nchi kavu na nchi tatu: Uganda, Rwanda na Burundi.

Ndefu kuliko zote

Ukizungumzia urefu, hakuna wa kushindana na Tour d'Afrique. Ilianza mwaka 2003, kutoka Cairo hadi Cape Town, takriban kilomita 12,000 kwa miezi minne hivi. Tour de France iliyovunja rekodi ya urefu, ile ya mwaka 1926, ilikuwa na kilomita 5,745, yaani haifiki hata nusu. Waendesha baiskeli wa msafara ule wa kwanza waliingizwa katika kitabu cha Guinness kwa kuvuka Afrika kwa nguvu za miguu yao.

Tour d'Afrique ni kitu cha pekee, kwa sababu ndani ya msafara mmoja wapo wanaoshindana kwa saa na wapo wanaotalii. Heshima kubwa kuliko zote haiendi hata kwa mwenye kasi. Inakwenda kwa yule aliyeendesha kila inchi ya njia bila kupanda gari hata mara moja, awe ameharisha Sudan au amepigwa mawe na watoto Ethiopia. Wengi huipoteza kwa siku moja tu ya homa.

Awali msafara uliingia Tanzania kwa Namanga na kushuka Arusha. Baadaye njia ikazungushwa Uganda na Rwanda, na anayetoka Rwanda kwa daraja la Rusumo anakanyaga Ngara, ndani ya mkoa wetu. Bukoba na Muleba zinabaki kaskazini, hazioni hata vumbi lake.

Mmoja wa waliokwenda haraka zaidi ya msafara ni Mark Beaumont wa Scotland. Mwaka 2015 alitoka Cairo peke yake na kufika Cape Town kwa siku 41, saa 10 na dakika 22. Gawanya mwenyewe, utapata zaidi ya kilomita 250 kwa siku.

Mbio zilizovuka mipaka migumu

Nje ya Afrika, mbio za nchi nyingi zilizokuwa na jina kubwa ni Mbio za Amani za Ulaya Mashariki. Zilianza mwaka 1948 kati ya Warsaw na Prague, na mwaka huo wa kwanza kulikuwa na mbio mbili kwa mpigo, moja ikienda na nyingine ikirudi, kila moja na mshindi wake. Berlin iliongezwa mwaka 1952. Mwenye mataji mengi ni Mjerumani Steffen Wesemann, mara 5, la mwisho mwaka 2003. Mbio zenyewe zilikufa mwaka 2006.

Toleo lililobaki vinywani mwa watu ni la mwaka 1986. Lilianzia Kyiv tarehe 6 Mei, siku 10 tu baada ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl kulipuka jirani. Timu kadhaa za Magharibi zilikataa kwenda. Waliokwenda walishindana mitaani kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa sababu serikali ya Kisovieti ilitaka ionekane hivyo. Sijui mbio nyingine za baiskeli ambazo siasa iliwapandisha watu barabarani kwa namna hiyo.

Tano kwa tano

Sasa turudi kwa majirani. Tour du Rwanda ilizaliwa mwaka 1988. Zama za kwanza zina mfalme mmoja, Abraham Ruhumuriza, aliyetwaa taji mara 5 wakati mbio zikiwa bado za kikanda. Mwaka 2009 zikaingia kwenye kalenda ya shirikisho la dunia, UCI, na mambo yakageuka: miaka mitano mfululizo wageni walibeba kombe, na wenyeji wakabaki kushangilia kando ya barabara.

Aliyelivunja hilo ni Valens Ndayisenga, mwaka 2014, akiwa na miaka 20. Akarudia mwaka 2016. Kati yake na wenzake Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha, Wanyarwanda walishinda matoleo matano mfululizo, 2014 hadi 2018. Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja, timu kubwa za Ulaya zikaja, na kuanzia hapo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda tena.

Waliowapokea kijiti ni Waeritrea. Daniel Teklehaimanot alishinda 2010, Merhawi Kudus 2019, Natnael Tesfatsion 2020 na 2022, Henok Mulubrhan 2023. Ukihesabu tangu 2009 hadi 2025, Rwanda ina mataji matano na Eritrea matano. Tanzania haina hata moja, wala haijakaribia. Kenya angalau ilipata mtu kwenye jukwaa: Suleiman Kangangi wa Eldoret alimaliza wa 3 mwaka 2017. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani.

Toleo la 2025 lina rekodi yake ya mvua. Hatua ya mwisho jijini Kigali ilisimamishwa njiani kwa sababu mafuriko ya maji yalifanya barabara isipitike, na Mfaransa Fabien Doubey akatangazwa bingwa bila kuvuka mstari wa mwisho siku hiyo. Wa Bukoba wataelewa. Mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka haushangai mtu akiambiwa shughuli imeahirishwa kwa ajili ya mvua.

Ngumu kuliko zote

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika tangu yalipoanza mwaka 1921. Mbio za wanaume, za siku moja na si za hatua, zilikuwa za kilomita 267.5, na ukijumlisha milima yote waliyopanda unapata karibu mita 5,500, karibu sawa na kupanda Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari kwa siku moja. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alishambulia zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya hizo akaenda peke yake. Kwa wanawake, Magdeleine Vallieres wa Canada aliwaacha hoi waliotajwa kuwa wangeshinda.

Kilichowamaliza wale wengine 130 si umbali. Ni kupanda, kushuka, kupanda tena, juu ya usawa wa mita 1,400 na zaidi. Sasa chukua baiskeli uende kutoka ufukweni mwa ziwa, pande za Muhutwe, upande hadi Kamachumu, kisha ushuke, kisha uende Rubya. Utakuta kitu hichohicho, na hakuna tiketi.

Wa kwanza wetu

Wa kwanza wa Afrika Mashariki kwenye Tour de France ni mtu ambaye wengi humsahau kuwa ni wa huku: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1985, aliyefundishwa na David Kinjah kwenye vumbi la Kikuyu na aliyewakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006. Baadaye alivaa rangi za Uingereza na kushinda Tour mara 4. Mwaka 2023 alikuja kushindana Rwanda, na vijana wa Eritrea hawakumpisha.

Kwa Waafrika weusi, milango ilifunguliwa mwaka 2015, Teklehaimanot alipovaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima. Mwaka 2024 Biniam Girmay, Mueritrea pia, alishinda hatua 3 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani ya pointi.

Na kuna rekodi moja ambayo haina medali lakini kwetu ina uzito. Mmarekani Tom Ritchey, mmoja wa waliobuni baiskeli za milimani, alitembelea Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wanavyosukuma mizigo, akaunda baiskeli ya fremu ndefu ya kubeba kahawa. Mwaka uliofuata yakafanyika mashindano ambayo ndani yake kulikuwa na mbio za baiskeli za mbao. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa timu ya Rwanda iliyomtoa Adrien Niyonshuti, aliyebeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London 2012. Ilianza na gunia la kahawa, na kahawa Kagera tunayo.

Tour du Rwanda imeshafika Ngoma na Kayonza, miji iliyo kwenye barabara ya Rusumo. Kutoka Rusumo lami inakuja Ngara, Biharamulo, Muleba, Bukoba, Kyaka, hadi Mutukula, na ng'ambo ya pili ni barabara ya Masaka. Hizo ni hatua nne au tano za mbio za nchi tatu, na barabara tayari ipo. Kuzileta kunahitaji fedha na miaka. Lakini Bukoba hadi Muleba ni kilomita 60 na ushei, shughuli ya asubuhi moja. CHABATA, chama cha baiskeli cha taifa, na halmashauri zetu za Bukoba na Muleba waanze na hiyo, na waweke kundi la baiskeli za kawaida zenye mikungu kwenye karia. Mshindi wa kundi hilo apelekwe Kigali akajaribiwe.