Kisu Kikishawekwa Chini, Pumzi Bado Hulindwa

Upasuaji umekwisha. Daktari amewaambia jamaa walioketi kwenye benchi kwamba mambo yamekwenda vyema. Mbona basi hawaruhusiwi kumwona mama yao?

Wengi hunung'unika wakidhani wauguzi wana maringo. Ukweli ni kwamba hatari haijaondoka. Dawa za nusukaputi hazimtoki mtu mwilini mara moja. Misuli ya koo ingali imelegea, na ulimi waweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Dawa kali za kutuliza maumivu, kama vile mofini, nazo hupunguza kasi ya kupumua. Mgonjwa anaweza kukata pumzi kimya kimya, bila kutapatapa.

Ndiyo sababu hulazwa kwanza katika chumba cha kuzindukia. Kidoleni hubanwa kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu kinachopima oksijeni katika damu. Ujuzi huo ulibuniwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970. Rangi ya kucha hufutwa kabla ya upasuaji ili isizuie mwanga huo.

Lakini kifaa hicho nacho huweza kudanganya. Mgonjwa anayepewa oksijeni kwa barakoa anaweza kuonyesha nambari nzuri hali pumzi zake zimepungua mno. Tena, uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi, mara nyingine nambari huwa juu kuliko hali halisi.

Kwa hiyo muuguzi hodari hutazama kifua kikipanda na kushuka, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Zikishuka hadi 8, hapo pana hatari.

Je, wewe jamaa ufanye nini? Kwanza, mweleze daktari mapema iwapo mgonjwa hukoroma sana usiku au hukatikiwa na pumzi usingizini. Pili, ukimfikia wodini usimvue barakoa kwa kumhurumia. Tatu, akianza kukoroma usiseme, "Mwacheni, amepata usingizi mtamu." Huenda njia ya hewa inazibika. Mwite muuguzi mara moja.

Benchi la hospitali linachosha, lakini wahenga walisema: kawia ufike.